Chumvi Isiyokubali Maji: Mjadala wa Kakamega

Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa fupi kuliko mabishano iliyoyazaa: kwamba Kenya, maadamu inacho kilima cha Mrima kule Kwale ambacho udongo wake una metali za ardhi adimu, na maadamu inayo mashamba ya miwa ambayo sukari yake yaweza kugeuzwa tindikali ya kuzikamatia metali hizo, haina udhuru wa kuuza mawe ghafi kwa mataifa yaundayo sumaku. Mahali pa mjadala ni Kakamega, mji ambao sifa yake katika madini ni ya dhahabu wala si ya metali hizo. Lakini ni mji wenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kiitwacho kwa jina la Masinde Muliro, na wenye watu ambao, kwa kuwa dhahabu iliwahi kuwafunza, humsikiliza kwa hadhari kila ajaye na habari za utajiri ulio chini ya ardhi.

Wasemaji nimewapanga wanne, kwa kazi zao bila majina, kama ilivyo ada ya mijadala ya kuandikwa. Yuko Wakili, aliyezoea kuisoma mikataba kuanzia ukurasa wa mwisho. Mwalimu, afundishaye kemia. Mfamasia, mama wa makamo mwenye duka la dawa karibu na soko. Na Mzee, ambaye baba yake alishuka mashimoni Rosterman kabla ya mgodi ule wa dhahabu kufungwa mwaka 1952. Mimi ni katibu tu, ila katibu mwenye maoni, na pale nitakaposhindwa kunyamaza msomaji atanisamehe.

WAKILI: Nitaanza na Burundi, kwa sababu jirani akinyolewa wewe tia maji. Kule Gakara kulichimbwa mawe yenye kiasi kikubwa mno cha metali za ardhi adimu, na tangu mwisho wa mwaka 2017 mawe hayo, yakiisha kupepetwa na kutiwa magunia, yalikuwa yakipelekwa ng'ambo hivyo hivyo. Hata mwaka 2021 serikali ilipotazama bei iliyokuwa ikiambulia, ikasimamisha biashara nzima. Sasa tazameni nyumbani. Kampuni moja ilipewa leseni ya Mrima, leseni ikafutwa mwaka 2013, kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwaka 2018 baraza likayakataa madai yake kwa hoja kwamba leseni ile ilitolewa bila sheria za mazingira kufuatwa, ilhali kilima ni msitu wa hifadhi na kaya takatifu ya Wadigo. Tulishinda, nami nafurahi. Walakini ushindi wa mahakamani hauundi hata kijiko kimoja. Metali iitwayo neodimiamu, ikichanganywa na chuma na boroni, hutoa sumaku ambazo tangu mwaka 1984 hazijapata mshindani wa kweli, na zimo katika mota za magari ya umeme, katika mitambo ya upepo na katika simu mlizo nazo mifukoni. Na njia ya kuipata, nasoma katika vitabu vya wenye ilimu hiyo, hupitia tindikali ya oksali, ambayo Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliipata mwaka 1776 kwa kuichemsha sukari pamoja na tindikali ya naitriki. Sukari, mabwana! Nasi tumekaa hapa, mwendo mfupi tu kutoka Mumias.

MZEE: Mumias ipi, kijana wangu? Ile iliyotiwa mikononi mwa mrasimu mwaka 2019, wakulima wakang'oa miwa wakapanda mahindi?

Pakawa na kicheko, na Wakili naye akacheka, maana ni mtu mwenye insafu. Lakini hakuondoa hoja yake, akasema kuwa ugonjwa wa kiwanda kimoja hauondoi utamu katika muwa. Hapo ndipo Mwalimu alipoinuka, akaweka juu ya meza chupa mbili na bilauri ya maabara. Katika chupa ya kwanza mlikuwamo naitreti ya neodimiamu iliyoyeyushwa majini, rangi yake ya zambarau iliyofifia. Katika ya pili tindikali ya oksali, isiyo na rangi. Akaimimina ya pili juu ya ya kwanza polepole, na ndani ya bilauri pakazuka ghafula ukungu mzito wa waridi, ambao kwa kitambo kidogo ulianza kushuka chini na kuyaacha maji ya juu yakiwa meupe kabisa.

MWALIMU: Hii ndiyo chumvi tuijadiliyo, oksalati ya neodimiamu, na kabla hatujaibebesha uchumi wa taifa ni haki kuitambua tabia yake. Kila chembe mbili za neodimiamu hushikamana na oksalati tatu, na fuwele zake hufungia ndani yake molekuli kumi za maji, hata robo nzima ya uzito wa unga mnaouona, ukikauka, ni maji matupu. Umbile lake ni mtandao: kila oksalati ina mikono minne ya oksijeni, miwili ikishika chembe ya huku na miwili ikishika chembe ya kule, hivyo hivyo mpaka mwisho wa fuwele. Kwa sababu hiyo maji hayaivunji, na jambo la ajabu zaidi, hata tindikali hafifu haiivunji. Chumvi nyingi zisizoyeyuka katika maji, kama chokaa, hutoweka mara moja zikitiwa tindikali, hii hukaa. Na katika ukaidi huo mmoja ndimo ilimomo faida yake yote, kwani jiwe la Mrima, au la kilima chochote cha namna hiyo, likiyeyushwa katika tindikali kali halitoi metali za ardhi adimu peke yake. Hutoa chuma kwa wingi, hutoa alumini, hutoa manganizi na kalsiamu, vyote vimevurugika katika maji mamoja. Ukitia tindikali ya oksali, chuma na alumini navyo huishika, lakini hushikana nayo katika namna inayobaki majini. Metali za ardhi adimu ndizo zinazotuama chini. Unachuja, unaosha, na takataka nyingi zimekwenda na maji.

MFAMASIA: Na chuma chote hubaki majini, Mwalimu? Maana kuna oksalati ya chuma iliyo unga wa manjano, nami naijua.

MWALIMU: Umenishika, mama. Chuma kina hali mbili. Kile cha chaji tatu ndicho kibakicho majini. Kile cha chaji mbili hutuama pamoja na metali zetu kama unga wa manjano na kuharibu kazi. Kwa hiyo mkemia mwenye tadbiri hukitia oksijeni kwanza, hata kiwe cha chaji tatu, ndipo aite oksalati. Na kalsiamu vilevile ni adui anayevizia: maji yasipokuwa na uchachu wa kutosha, oksalati ya kalsiamu hushuka pamoja na nyingine, uchachu ukizidi mno, nazo metali zetu huanza kurudi majini kidogo kidogo. Kazi nzima hufanyika katika ukingo mwembamba baina ya hali mbili, maji yakiwa ya moto, yakikorogwa kwa subira ili fuwele zikue na kuchujika kwa urahisi, maana zikizaliwa upesi huwa vumbi laini linaloziba vichujio.

WAKILI: Basi umenithibitishia hoja yangu. Jiwe tunalo, tindikali twaweza kuipata, na kichujio si mtambo wa kwenda mwezini.

MWALIMU: Nimekuthibitishia nusu, nayo ni nusu rahisi. Oksalati ni bawabu anayewajua watu wa ukoo na kuwazuia wageni mlangoni, lakini ndani ya ukoo hamtambui kaka wala mdogo. Lanthanamu, seriamu, praseodimiamu, neodimiamu na ndugu zao wote huingia pamoja, kwa sababu ukubwa wa chembe zao hutofautiana kwa kiasi kidogo mno. Kati ya praseodimiamu na neodimiamu tofauti ni kama sehemu moja tu ya mia. Carl Gustaf Mosander alitangaza mwaka 1841 kwamba amepata metali mpya akaiita didimiamu, na ulimwengu wa wataalamu ukakaa na metali hiyo hadi mwaka 1885, alipotokea Carl Auer von Welsbach wa Austria akaipasua, ikaonekana kuwa ni hizo mbili, neodimiamu na praseodimiamu, zilizokuwa zimekumbatiana miaka 44. Siku hizi kuzitenganisha hufanywa kwa kukoroga maji yenye metali pamoja na mafuta ya taa yaliyotiwa kikemikali maalumu, kuyaacha yatengane, kuyapeleka pipa la pili, la tatu, la kumi, mpaka mamia ya mapipa. Na kila pipa huongeza usafi kwa kiasi kidogo tu. Uchina haikuipata nafasi yake ya mbele kwa kuwa na mawe peke yake. Iliipata kwa kusimama miongo mingi mbele ya mapipa hayo. Kisha, baada ya kutenganishwa, oksalati huitwa tena kazini mara ya pili, safari hii kuitoa neodimiamu safi majini ili ichomwe. Kwa hiyo asemaye kuwa kiwanda cha oksalati ni kiwanda cha sumaku, amechanganya mlango na nyumba.

Nikiwa katibu niseme kwamba hapa ndipo mjadala ungeweza kukoma, kama watu wangekuwa wanajadiliana ili kukoma. Wakili alikaa kimya akiandika, na ukimya wa wakili si dalili ya kushindwa. Mfamasia ndiye aliyeingia kati, naye aliingia kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia.

MFAMASIA: Nyinyi mmezungumza juu ya oksalati kana kwamba imeanza leo nayo ni kitu cha sumaku. Katika fani yangu imekuwa dawa, nayo ni sumu, na niseme yote mawili. Sir James Young Simpson wa Edinburgh, yule aliyewaletea wazazi klorofomu mwaka 1847, ndiye aliyeanza mwaka 1854 kuwapa wajawazito oksalati ya seriamu ili kuwazuia kutapika. Ikaandikwa katika vitabu rasmi vya dawa vya Uingereza na Marekani, na ikauzwa madukani karibu miaka mia moja, mpaka zilipotokea dawa nyingine. Je, ilifaa? Ushahidi ni dhaifu. Lakini haikuwaua, na sababu ni hiyo hiyo aliyoitaja Mwalimu: haikubali kuyeyuka, hivyo ilipita tumboni kama mgeni asiyefungua mzigo. Ama oksali iliyo huru ni kitu kingine. Hiyo huikamata kalsiamu ya damu na kuifanya oksalati ya kalsiamu, ambayo figoni hugeuka mawe. Mchicha huu wetu, ambao huku watu huuita dodo, una oksalati nyingi, na bibi zetu, bila kusoma kemia, waliuchemsha wakamwaga maji ya kwanza, kisha wakautia maziwa. Maana maji yale huchukua sehemu ya oksali, na kalsiamu ya maziwa huifunga iliyobaki ndani ya chungu, isifike figoni. Ni kazi ile ile ya bilauri ya Mwalimu, ila metali imebadilika.

MZEE: Na munyu musherekha je?

MFAMASIA: Chumvi ile ya majivu ya maganda ya maharagwe, Mzee wangu, hulainisha mboga na kuiondolea ukali, lakini siwezi kusema kwamba yenyewe peke yake inaiondoa oksali. Maziwa ndiyo niyategemeayo. Na wala sikuzungumza haya kwa kupamba mjadala. Nasema kwa sababu Wakili anataka tindikali ya oksali itengenezwe kwa mapipa karibu na mito yetu. Mtengenezaji wake huvuta moshi wa rangi ya hudhurungi utokao katika tindikali ya naitriki, moshi unaochoma mapafu, na lazima moshi huo unaswe urudishwe kazini, la sivyo ni hasara na ni madhara pamoja. Kisha mtu akiimwaga oksali mtoni, nani atawaambia wanaoteka maji chini ya mkondo?

WAKILI: Mama, kila kiwanda kina sumu yake. Kiwanda cha ngozi kina kromiamu, hata cha sukari kina maji machafu. Tukikataa kila chenye sumu, tutauza udongo milele. Nami nakubali maneno ya Mwalimu kuhusu mapipa. Basi nawapa hoja iliyopunguzwa. Tusitafute sumaku wala neodimiamu safi. Tutoe oksalati ya mchanganyiko, tuichome iwe oksaidi ya mchanganyiko, tuuze hiyo. Si bora kuliko gunia la mawe?

Hoja hii iliyopunguzwa ilinipendeza kuliko ile ya kwanza, na nadhani ilimpendeza Mwalimu pia, kwa sababu alichukua chaki.

MWALIMU: Ni bora, tukijua tunachokinunua na tunachokichoma. Chukua kilo mia za oksalati ya neodimiamu iliyo kavu pamoja na maji yake ya fuwele. Ukiitia tanurini, maji hutoka kwanza. Kisha oksalati yenyewe huvunjika, ikitoa kaboni dioksaidi na kaboni monoksaidi, ikabaki namna ya kabonati. Mwisho, karibu na nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi, hubaki oksaidi ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Uzito wake? Kilo 46. Nyingine 54 zimekwenda hewani. Seriamu yenyewe ni nyepesi zaidi kuchomeka, hukamilika chini ya nyuzi 400, kwa kuwa hupenda kujinyakulia oksijeni zaidi na kuwa na chaji nne. Sasa tazama upande wa gharama: kila kilo moja ya oksaidi ya neodimiamu hudai, kwa uchache kabisa, kilo moja na gramu 120 za fuwele za tindikali ya oksali, na kiwandani huongezwa zaidi ili pasibaki metali majini. Tindikali hiyo yote huishia kuwa moshi. Hairudi. Ndiyo sababu viwanda vingi vya Uchina, vinapotafuta urahisi, huacha oksalati vikatumia baikabonati ya amonia, ambayo hutoa kabonati kwa bei nafuu. Oksalati huchaguliwa pale ambapo usafi ni muhimu kuliko senti. Kwa hiyo, Wakili, swali la Mumias si kwamba sukari ipo. Swali ni kama sukari ya bei hii ya leo, ikilinganishwa na uwezo wake wa kuliwa na watu, inafaa kugeuzwa moshi wa tanuri.

MZEE: Hapo umesema neno la mwanamume mwenye jiko.

Nakiri nilikuwa nimetazamia Mzee azungumze juu ya ardhi, kwa kuwa habari za dhahabu ya Kakamega ndizo alizokulia. Naye alizungumza, ila alianza na taa.

MZEE: Wengine wenu ni wadogo, hamkuwasha karabai. Sisi tuliinunua na vile vifuko vyake vya uzi mweupe. Ukikichoma mara ya kwanza kinabaki jivu lililosimama, ukilipulizia vibaya linaanguka, lakini likishika moto linatoa nuru ya kushinda taa kumi za kibatari. Mwalimu aliniambia juzi kwamba jivu lile ni thoriamu.

MWALIMU: Sehemu 99 za thoriamu na 1 ya seriamu, Mzee. Ni uvumbuzi wa Auer yule yule niliyemtaja, wa mwaka 1891.

MZEE: Haya. Na thoriamu hutoa mnururisho. Na watu wa Mrima, mtu mmoja wa Kwale aliniambia, wanaishi juu ya thoriamu. Sasa mimi nauliza, binti yangu Mfamasia aliuliza juu ya mto, nami nauliza juu ya hii: mkiliyeyusha jiwe, thoriamu inakwenda wapi?

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Swali hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa zito kuliko hotuba zote zilizotangulia, kwa kuwa wale waliotangulia walizungumza juu ya kinachotoka kiwandani kwenda sokoni, na Mzee aliuliza juu ya kinachobaki.

MWALIMU: Inakwenda na metali zetu. Oksalati ya thoriamu nayo haikubali kuyeyuka katika tindikali, na bawabu wetu humpitisha pia. Mrima hasa, ambako mnururisho wa asili u juu kuliko kawaida kwa sababu ya thoriamu hiyo, hakuna njia ya kujifanya hatumwoni. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza uchachu wa maji taratibu kabla ya kutia oksali, kwa kuwa thoriamu hutuama kama hidroksidi mapema kuliko metali za ardhi adimu. Ya pili ni kuacha vyote vishuke, kisha kuosha kwa oksalati ya amonia nyingi, ambayo huyeyusha thoriamu na kuacha nyingine. Kwa njia yoyote utabaki na mkusanyo wa thoriamu, na nusu ya thoriamu hiyo huchukua miaka kama bilioni 14 kuoza.

MZEE: Bilioni. Basi nisikilizeni. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, Johnson, aliona dhahabu hapa. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya mwenyeji ikitwaliwa, apewe ardhi nyingine ya kadiri hiyo. Dhahabu ilipoonekana, mwaka 1932 ahadi ile ikaondolewa kwa ardhi ya madini. Fidia ikawa fedha. Ahadi ya miaka miwili! Baba yangu alikuwa akisema kuwa mzungu hakuvunja sheria, aliiandika upya. Mkataba wa kampuni ni miaka 20 au 25. Thoriamu ni bilioni 14. Kampuni ikiondoka, pipa lile la nani?

WAKILI: La serikali, Mzee wangu, kama mkataba hausemi vinginevyo. Na aghalabu hausemi.

MFAMASIA: Basi ndiyo hoja yako mpya hiyo, Wakili. Ile ya kwanza ya sumaku mwachie Mwalimu na wanafunzi wake.

Nimesema tangu mwanzo kuwa nina maoni, nayo ni haya. Wanaodai kuongeza thamani ya madini yetu hulitumia neno hilo kana kwamba thamani hupanda kwa ngazi zilizo sawa, kutoka jiwe hadi sumaku, ilhali oksalati yenyewe inaonyesha kwamba ngazi hazilingani: hatua ya kukusanya ni fupi na yaweza kufanywa hata na taifa lenye mtaji wa wastani, hatua ya kutenganisha ni ndefu kama uzoefu wa kizazi kizima, na baina ya hatua hizo limelala pipa la thoriamu ambalo hakuna anayelitaja katika hotuba. Ningeafiki oksaidi ya mchanganyiko, kwa sharti kwamba pipa liandikwe kabla ya faida. Kadhalika, lau ningepewa fedha za kuanzia, nisingezitia katika mtambo wa tindikali. Ningezitia katika maabara ya chuo kikuu kilicho hapa mjini, wanafunzi wajizoeze kutenganisha praseodimiamu na neodimiamu katika mapipa kumi madogo, kisha ishirini, wapate mikono ya kazi hiyo.

Wakili aliomba neno la mwisho, akapewa.

WAKILI: Naiondoa hoja ya sukari, nimeshindwa kwa hesabu ya kilo moja na gramu 120. Naibakisha ya oksaidi, nami naiandika hivi: kwamba leseni yoyote ya metali za ardhi adimu itaje kwa jina bidhaa itakayotoka nchini, iwe ni jiwe lililopepetwa, oksalati, kabonati au oksaidi; kwamba itaje thoriamu itatengwa katika hatua ipi, kwa njia ipi kati ya mbili za Mwalimu; na kwamba dhamana ya kuihifadhi ilipwe benki mwaka wa kwanza, kabla ya tani ya kwanza kupanda meli Mombasa.

MZEE: Na wakati wa kuibadilisha sheria hiyo?

WAKILI: Hapo, Mzee, nitahitaji wiki moja zaidi.